Mafuta Mazito, Tui na Maji: Uhakiki wa Tafsiri Moja

Nililetewa kijitabu cha kurasa 32, kilichofasiriwa kutoka Kiingereza kwa ajili ya mafunzo ya mafundi wa mabomba, nikaombwa nikipitie kwa upande wa lugha tu. Kijitabu chenyewe chaeleza jinsi mafuta ghafi yaliyo mazito yanavyoweza kusafirishwa, na sehemu yake kubwa ni habari za zile dawa ziitwazo safaktanti, ambazo hutiwa kidogo katika mafuta na maji ili kinachopatikana kiende kwa wepesi ndani ya bomba. Maneno "kwa upande wa lugha tu" ndiyo yaliyonipa sababu ya kuandika makala hii. Aliyeyasema alidhani ya kuwa elimu yenyewe imekwisha kukaguliwa na wenye elimu yao, na kwamba lililobaki ni kutazama vazi. Nilipofika ukurasa wa 9 niliona kwamba vazi lile limevikwa mtu mwingine kabisa.

Simtaji mfasiri wala ofisi iliyomtuma, kwa sababu makosa nitakayoyasema si yake peke yake. Ni yetu sote tulioshughulika na istilahi kwa miaka mingi. Kazi yake yaonyesha bidii. Majina ya vitu ameyatafuta kwa uangalifu, akayalinganisha na kamusi za fizikia na kemia zilizopo, na pale alipokosa neno alitohoa kwa kiasi. Lakini nathubutu kusema kwamba nomino zake nyingi ni njema ilhali sentensi zake kadhaa si za kweli, na kwamba uongo huo umo katika maneno ambayo hakuna orodha ya istilahi iliyowahi kuyajali: ile -a ya uhusiano, neno na, kiambishi -ni, na vitenzi vichache ambavyo asili yake ni jikoni.

Sentensi ya kwanza ninayoishika ni fupi: "Safaktanti hupunguza mnato wa mafuta." Kila neno lake lafahamika. Mnato ni istilahi iliyokwisha kuzoeleka, nayo ni nzuri, kwa kuwa yatoka katika nata, na kinachonata ndicho kisichotaka kuachana. Kosa limo katika wa. Mafuta hayakupungua mnato hata kidogo.

Tuchukue mfano ulio maarufu kuliko yote, ambao kijitabu nacho chautaja. Katika bonde la mto Orinoco, nchini Venezuela, kuna akiba kubwa mno ya mafuta yaliyo kama lami. Yakiwa katika joto la kawaida la nchi ile, mnato wake huzidi mnato wa maji mara makumi ya maelfu au zaidi, na pampu haiyawezi. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa Intevep, tawi la uchunguzi la shirika la mafuta la taifa hilo, wakishirikiana na kampuni ya BP, walitengeneza kitu kilichopewa jina la Orimulsion, jina lililoungwa kwa Orinoco na emulsheni. Kilikuwa na sehemu 70 za lami katika 100, sehemu 30 za maji, na safaktanti isiyofika hata sehemu 1. Lami ile ilisukwa kwa nguvu pamoja na maji hata ikakatika-katika kuwa matone yenye upana wa kadiri ya 0.02 ya milimita. Molekuli za safaktanti, ambazo kila moja ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta, zilijipanga juu ya kila tone, mikia ndani na vichwa nje, zikazuia tone lisiungane na jirani yake. Kitu hicho kilipita bombani, kikapakiwa melini, kikachomwa katika mitambo ya umeme ya Kanada, Denmark, Italia, Japani na kwingineko, hadi utengenezaji wake ulipokomeshwa mwishoni mwa mwaka 2006.

Ndani ya kila tone lami ilikuwa ile ile, inanata kama ilivyonata ardhini. Lakini tone halikugusa tone. Kati yao palikuwa na maji, na kilichosuguana na ukuta wa bomba kilikuwa maji. Mnato uliopungua, basi, ni mnato wa kitu kizima, yaani emulsheni, wala si mnato wa mafuta. Kiingereza cha kijitabu, nilipokitazama, kilisema jambo hili kwa uzembe vile vile, kwa hiyo mfasiri ana udhuru. Hata hivyo mfasiri aliyeelewa angeweza kuisahihisha asili yake bila ya kumwudhi mtu, na huyu hakuweza, kwa kuwa alikuwa akitafuta Kiswahili cha neno moja moja, na neno wa halikuwamo katika orodha yake ya maneno magumu.

Yamkini msomaji atasema kwamba hayo ni mabishano ya wanachuo. Na amfikirie fundi. Aliyesoma ya kuwa mafuta yamepunguzwa mnato ataamini kwamba yakisha kupunguzwa yamepunguzwa, kama nguo iliyofuliwa ilivyofuliwa. Hataona sababu ya kuogopa pampu inayosukasuka kupita kiasi, wala maji yenye chumvi nyingi, wala baridi inayogandisha, wala kituo kilichosimama siku nyingi bila ya kazi. Yote hayo yaweza kuyaunganisha matone. Na yanapoungana, lami ya awali hurudi na mnato wake wote, katikati ya bomba, mahali ambapo hakuna aliyeitarajia. Aliyesoma kwamba mafuta ni yale yale, ila yamefungiwa ndani ya maji kwa mlango mwembamba, atautunza mlango.

Nije sasa kwa neno na. Kijitabu chataja mara nyingi "mchanganyiko wa mafuta na maji." Katika Kiswahili na ni neno la usawa: halimtangulizi mtu wala halimfanyi mmoja kuwa mwenyeji na mwingine mgeni. Mafuta na maji ni sawasawa na maji na mafuta. Walakini katika jambo tunalolisema hapana usawa wowote. Kuna emulsheni ambayo mafuta yamo ndani ya maji, na kuna ile ambayo maji yamo ndani ya mafuta, na hizi mbili hazifanani kwa tabia hata zikiwa zimetengenezwa kwa vitu vile vile kwa vipimo vile vile. Ya kwanza hupita kwa wepesi karibu na wepesi wa maji. Ya pili huwa na mnato unaozidi hata ule wa mafuta yenyewe, nayo ndiyo balaa inayowajia wachimbaji bila ya kuitwa, kwa sababu mafuta mengi hutoka kisimani yakiwa na maji, na vitu vya asili vilivyomo katika mafuta, hasa vile vya jamii ya lami, huyakumbatia matone ya maji na kuyafungia ndani. Mtu anayetia safaktanti isiyofaa, au inayofaa kwa kiasi kisichofaa, aweza kutoka katika ya kwanza akaingia katika ya pili.

Elimu ya jambo hili ni ya zamani. Wilder Bancroft, mkemia wa Marekani, alieleza mwaka 1913 kanuni ambayo hata leo yaitwa kwa jina lake, kwamba kile kimiminika ambacho dawa hukaa ndani yake kwa urahisi zaidi ndicho kitakachokuwa cha nje, na kingine kitakuwa matone. Mwaka 1949 William Griffin aliitilia kanuni hiyo kipimo cha namba, kutoka 0 hadi 20: dawa zenye namba ndogo, kadiri ya 3 hadi 6, hufungia maji ndani ya mafuta, na zenye namba kubwa, kuanzia kama 8, hufungia mafuta ndani ya maji. Kwa maneno mengine, swali zima la elimu hii ni nani yumo ndani ya nani, na mfasiri wetu amelijibu kwa na.

Wala hakukosa chombo cha kulijibia. Hapana lugha ninayoijua iliyotajirika kwa mahali kama Kiswahili. Tuna pa ya mahali palipo dhahiri, ku ya mahali pasipo na mipaka, na mu ya ndani. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza huchoshwa na habari hizi hata wakazichukia. Nasi tunaposema mafuta yaliyomo majini na maji yaliyomo mafutani, tumekwisha kuzitenga emulsheni mbili kwa silabi moja, bila ya kukopa chochote. (Najua kwamba majini peke yake yaweza kusomwa vibaya na mtu mwenye hofu, ndiyo maana sikuacha yaliyomo.) Lugha iliyotoa -mo yastahili kuandika kemia ya emulsheni kwa raha kuliko Kiingereza, ambacho hapa hulazimika kurundika maneno matatu kwa alama za kuunganisha. Lakini -mo haihesabiwi kuwa istilahi. Tangu orodha za Tafsiri Sanifu zilipoanza kutolewa na Baraza la Kiswahili katika miaka ya 1970, na hata kabla ya hapo katika kazi za kamati zilizotangulia, tumekuwa tukihesabu mali yetu kwa nomino.

Hapa yafaa tuingie jikoni. Mpishi wa pwani anajua emulsheni kuliko alivyowahi kuambiwa kwamba anaijua. Anakuna nazi kwa mbuzi, anatia maji, anakamua, anapata tui la kwanza, zito, kisha anatia maji tena apate la pili, jepesi. Tui ni matone ya mafuta ya nazi yaliyomo majini, yakilindwa na protini za nazi yenyewe, ambazo hapa zafanya kazi ile ile ya safaktanti. Anapoliteleka, husimama karibu na upawa na kulikoroga, ili tui lisikatike. Likikatika, mafuta hujitenga yakaelea juu na maji yakabaki chini, na mchuzi umeharibika, ingawa hapana kilichoongezwa wala kilichopungua chunguni.

Kijitabu chaliita tukio hilo "kuvunjika kwa emulsheni." Ni Kiingereza kitupu. Kinachovunjika kwa Kiswahili ni kigumu: chungu, mfupa, ahadi. Kimiminika hukatika. Tui hukatika, maziwa yaliyotelekwa yakiwa yamelala hukatika, na kila msikilizaji anaona mara moja jambo lenyewe, yaani vitu viwili vilivyokuwa kimoja kwa macho vimeachana. Nilipolipendekeza neno hili, mwenzangu mmoja alipinga kwa kusema kwamba umeme nao hukatika na maji ya mfereji hukatika, kwa hiyo fundi atachanganyikiwa. Sikukubaliana naye. Fundi huyo huyo husema waya umekatika na mshahara umekatwa katika sentensi moja wala hachanganyikiwi. Tena tunapata kitenzi chake cha kutendesha kazi upande wa pili, kwa maana wako wanaotaka emulsheni ikatike: wale wanaopokea mafuta yenye maji kutoka kisimani na lazima wayatenge kabla ya kuyauza. Dawa wanayoitia ni dawa ya kukatia. Kijitabu chaiita "kivunja-emulsheni," na sina la kuongeza.

Sitaki kudhaniwa kwamba nadai tui liwe istilahi. Laonyesha aina moja tu, ile ya mafuta yaliyomo majini. Kwa aina ya pili mfano wake ni siagi. Maziwa ni mafuta yaliyomo majini. Anayeyasukasuka katika kibuyu huyafikisha mahali ambapo matone ya mafuta yanaungana, yanageuza mambo, na maji yaliyokuwa nje yanajikuta ndani. Kilichokuwa kikimiminika sasa chashikika kwa kidole. Nijuavyo, hapana mfano ulio bora zaidi wa kumweleza mtu kwa nini mafuta yaliyopita bombani kwa wepesi hadi jana yaweza leo kukataa: yamekuwa siagi. Jambo hilo hutokea hasa pale mafuta yanapozidi mno na maji kupunguzwa mno. Matone ya mviringo yenye ukubwa mmoja, hata yakipangwa kwa ustadi wote, hayawezi kujaza zaidi ya sehemu 74 katika 100 za mahali. Yakizidi hapo sharti yabanane na kupoteza umbo. Ndiyo sababu mojawapo waliotengeneza Orimulsion walisimama kwenye 70, ingawa kila ndoo ya maji iliyosafirishwa ilikuwa gharama.

Neno lenye utata kuliko yote katika kijitabu, hata hivyo, si geni, ni -zito. Mkononi, kizito ni kile chenye uzani. Chunguni, kizito ni kile kisichomiminika upesi: uji mzito, mchuzi mzito, tui zito. Uji mzito hauna uzani unaozidi sana ule wa uji mwepesi, na hakuna anayeupima. Wataalamu wa mafuta, wao, wanapoyaita mafuta mazito kwa lugha zao, wana maana ya kwanza. Wanapima densiti, na kuiandika kwa kipimo cha Taasisi ya Petroli ya Marekani ambacho, kwa bahati mbaya ya wafasiri, huenda kinyume: maji ni nyuzi 10, na mafuta yaliyo chini ya nyuzi 10 huzama. Kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo mafuta yanavyokuwa mazito. Katika ukurasa wa 11 mfasiri amepotea humo, akaandika kwamba mafuta ya nyuzi 9 ni "mepesi kuliko" ya nyuzi 30. Hilo ni la kusahihishwa kwa kalamu tu. Lililo zito zaidi, kwa maana zote mbili, ni kwamba densiti na mnato hazifuatani kama watu na vivuli vyao. Mafuta ya Orinoco na lami ya Athabasca nchini Kanada yanakaribiana sana kwa densiti. Lakini ya Orinoco hukaa ardhini katika joto la kadiri ya nyuzi 50 na mengine hutoka kisimani yenyewe kwa pampu, ilhali ya Athabasca hukaa katika joto la nyuzi kama 10 tu, na hayasogei. Waliotunga ufafanuzi wa kimataifa wa mafuta haya walilazimika kutumia vipimo viwili: densiti kwa kuyaita mazito, na mnato kwa kuitenga lami. Kiswahili cha kijitabu kina kipimo kimoja kwa yote.

Na yako mafuta ya tatu, ambayo si mazito kwa mkono wala si mazito kwa chungu, nayo ndiyo yaliyo karibu nasi kuliko ya Venezuela. Mafuta yaliyogunduliwa Uganda katika bonde la Ziwa Albert mwaka 2006 ni ya kadiri kwa densiti. Yakiwa moto hutiririka bila ya taabu. Shida yake ni nta: yakipoa karibu na nyuzi 40 huanza kuganda. Kwa hiyo bomba la kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, ambalo serikali za Uganda na Tanzania zilitia sahihi mapatano yake mwaka 2017, na ambalo urefu wake ni kilomita 1,443, lilisanifiwa liwe na joto njia nzima, kwa nyaya za umeme zilizozungushiwa chini ya blanketi la kuzuia joto lisipotee, ili mafuta yasishuke chini ya nyuzi 50. Mafuta ya Lokichar, Turkana, nayo ni ya nta. Yaliposafirishwa kwa malori hadi Mombasa mwaka 2018 na 2019 yalipakiwa katika matangi yanayohifadhi joto. Kijitabu chayataja mafuta ya Hoima katika sura ile ile ya mafuta mazito, na kwa neno hilo hilo, kisha kinaendelea na safaktanti na emulsheni ya Venezuela kana kwamba maradhi ni mamoja. Mwanafunzi ataondoka akiuliza, na atakuwa na haki ya kuuliza, kwa nini watu wametandika nyaya kilomita zote zile wakati kijiko cha dawa kingetosha.

Maradhi si mamoja. Kunata na kuganda ni vitenzi viwili, na Kiswahili kimevitenga tangu zamani. Asali inanata, samli inaganda. Chupa ya mafuta ya nazi iliyonunuliwa Tanga, yakiwa yanamiminika, ikipelekwa Lushoto itagandia kabatini, kwa kuwa mafuta hayo hubadilika kwenye nyuzi 24. Irudishwe Tanga, yatamiminika tena. Hakuna aliyeyaita mafuta ya nazi mazito kwa sababu hiyo. Kwa yanayoganda dawa ya kawaida ni joto, au zile dawa zinazoziharibu fuwele za nta zisijishikamanishe. Kwa yanayonata ndipo emulsheni inapopewa nafasi yake ya kwanza. Napendekeza kwamba mafuta mazito tuyaachie maana ya chungu, ambayo ndiyo maana ya wasemaji walio wengi wanapozungumza habari za vimiminika. Yale ya mizani tuyaite mafuta ya densiti kubwa, ingawa ni maneno marefu. Na haya ya kwetu tuyaite mafuta ya nta. Hapana neno jipya hapo hata moja.

Kuhusu vitenzi nitasema kwa ufupi. Kijitabu chasema safaktanti "huyeyusha" mafuta. Kuyeyusha kwa Kiswahili ni kazi ya moto, au ya kimiminika kinachomeza kitu kikatoweka, kama maji na sukari. Na safaktanti haifanyi hata moja kati ya hayo mawili. Chasema tena kwamba nchini Kanada lami "huchanganywa na mafuta mepesi," hali tunacho kitenzi kilicho sawasawa kabisa na jambo hilo, kuzimua, kinachotumiwa kwa uji, kwa tembo, na kwa kila kitu kikali kinachotiwa maji. Lami ya Kanada huzimuliwa. Na ile njia iliyojaribiwa na kampuni ya Shell huko California katika miaka ya 1970, ya kupitisha maji kandokando ya ukuta wa bomba na mafuta katikati, ni kulainisha njia, kama mtu anavyopaka sabuni kidole ili pete itoke. Kuzimua, kupasha moto, kulainisha, kutengeneza emulsheni: njia nne, vitenzi vinne, na mfasiri ametumia kuyeyusha kwa tatu kati yake.

Imebaki dawa yenyewe. Mfasiri aliijaribu kwa majina matatu katika kijitabu kimoja. La kwanza ni "kemikali za usoni." Nilicheka, na naungama kwamba si vema kucheka. Uso wa maji ni Kiswahili safi. Bahari ina uso na meza ina uso. Lakini -ni ikiingia, usoni ni mahali pa poda na wanja. Na zaidi ya hayo, siku za usoni ni siku zijazo, hata msomaji mmoja wa chuo chetu niliyemwonyesha alidhani kwamba yazungumzwa dawa ambazo bado hazijavumbuliwa. La pili ni "viunganishi." Kwetu sisi tulio katika elimu ya lugha hilo lina kazi nyingine tangu zamani, lakini hata kama lisingekuwa na kazi, lingekuwa kinyume cha ukweli. Safaktanti haiunganishi. Kazi yake ni kusimama mpakani na kuzuia matone yasiungane. La tatu ni "safaktanti" lenyewe, nalo lilikuja katika ukurasa wa 20 kama mtu aliyechoka kubisha hodi.

Nalikubali la tatu. Wenye lugha zao hawakuwa na neno la kale kwa kitu hiki; lao lilibuniwa Marekani mwaka 1950 kwa kukata vichwa na mikia ya maneno matatu, kwa ajili ya biashara. Sisi nasi tukilipokea kwa sauti yetu hatupotezi heshima. Pendekezo la sabuni halifai kwa yote, ingawa mara nyingine ni kweli tupu: mafuta mengi mazito yana asidi za asili, na akitiliwa maji yenye magadi, asidi hizo hugeuka kuwa sabuni humo humo, mafuta yakajitengenezea dawa yao. Pendekezo la dawa nalipenda kwa wepesi wake, kwa kuwa Kiswahili kina dawa ya viatu na dawa ya kulainisha nguo. Nalo nimelitumia katika makala hii. Lakini lina uzito wake. Dawa iliyotumika katika Orimulsion ya kwanza ilikuwa ya jamii ya nonilifenoli, ambayo mabaki yake yanapoingia mitoni huiga homoni za kike katika samaki. Ilibadilishwa kwa nyingine katika miaka ya 1990. Mtu aliyeambiwa kwamba mafuta yaliyomwagika yana dawa ndani yake aweza kutulia mahali ambapo hakupaswa kutulia. Tunayo dawa ya panya pia, na hapana anayeilamba, lakini hapo jina la panya ndilo linaloonya.

Habari za kumwagika zimo katika ukurasa wa 29, nazo ndizo zilizonifanya niache kazi nyingine ili niyamalize maelezo yangu upesi. Imeandikwa kwamba "mchanganyiko wa mafuta na maji ukimwagika baharini mafuta yataelea na yaweza kuzuiwa kwa maboya." Kwa mafuta ya kawaida ni kweli. Kwa mafuta yaliyomo majini si kweli. Emulsheni ya namna hiyo, kwa kuwa upande wake wa nje ni maji, hujichanganya na bahari kama maziwa yaliyomwagwa katika beseni, matone yakatawanyika chini ya uso kama wingu, na boya la kuzuia linaloelea juu halizuii kitu. Mvuvi na fundi wote wawili watatazama juu ya maji, waone pamekauka, warudi nyumbani. Ni kosa la na, lile lile la ukurasa wa 10, limesafiri kurasa 19 hata likafika baharini.

Nilikutana na mfasiri baadaye. Ni mtu mpole, mzaliwa wa bara, na alikuwa ameyaandika maelezo yangu katika daftari kwa mstari mmoja mmoja. Alikubali kukatika, alikubali kuzimua, na mafuta ya nta aliyakubali kwa furaha. Tui alilikataa. Wanafunzi wake, alisema, wengi ni wa Tabora na Singida. Nazi wameiona sokoni, lakini maziwa wameyasukasuka wenyewe tangu utoto. Ameweka maziwa na siagi, naye yuko sawa kuliko mimi, kwa kuwa mfano wake huonyesha emulsheni zote mbili na mgeuko wake kwa chombo kimoja. Sentensi ya ukurasa wa 9 sasa yasomeka hivi: "Safaktanti huyalinda matone ya mafuta yaliyomo majini yasiungane, kwa hiyo emulsheni huwa na mnato mdogo, na mafuta yenyewe hubaki na mnato wake wa awali." Mpiga chapa amelalamika kwamba ni ndefu mara tatu, na kwamba itabidi picha ya pampu ihamishiwe ukurasa wa 10.